Acha breketi ikunjike: maneno kwa wahitimu wa fani ya kuunda vyuma

Mkuu wa chuo, walimu, wazazi na walezi, wageni waalikwa, na ninyi wahitimu ambao leo mmevaa majoho na Jumatatu mnarudi kwenye ovaroli: itifaki imezingatiwa.

Niliombwa nizungumzie kujiajiri. Nimetazama ratiba, nikaona wasemaji wawili walionitangulia wamekwisha kuizungumzia hiyo, na anayenifuata anatoka benki, kwa hiyo hamtaikosa. Mimi nimeomba ruhusa nizungumzie kazi moja tu, ndogo, inayoingia mlangoni mwa karakana ikiwa mkononi mwa mteja: breketi za bampa za gari la zamani. Nimeichagua kwa sababu inakusanya karibu kila mlichosomea hapa, tangu kupima hadi kupaka rangi, na kwa sababu ndani yake kuna kosa ambalo nimeliona likifanywa na mafundi hodari kabisa. Kosa lenyewe ni kuitengeneza breketi iwe imara mno.

Tuanze na chombo chenyewe. Magari ya siku hizi bampa ni plastiki, na nyuma yake umejificha mhimili wa chuma au alumini. Gari la zamani bampa yake ni chuma kilichokunjwa na kupigwa kromu, nayo inashikwa na vyuma viwili au zaidi vinavyotoka kwenye bodi au kwenye chasisi. Vyuma hivyo ndivyo breketi. Mwenye gari huwa hazioni. Ziko nyuma ya madigadi, mahali tairi linapotupia matope, mchanga na maji, na kwa sisi tunaoishi Tanga, Pangani, Mombasa au Unguja kuna na upepo wa chumvi juu yake. Bampa inang'aa miaka na miaka, breketi inaliwa kimyakimya. Siku moja mtu anaegemea bampa kufungua boneti, upande mmoja unashuka.

Hapo mteja ana njia tatu. Ya kwanza ni kuagiza nje, na kwa baadhi ya magari inawezekana, akiwa tayari kulipia mzigo na ushuru wa kipande cha chuma. Ya pili ni kuzunguka kwenye skrepa, ambako atakuta breketi yenye umri uleule na kutu ileile. Ya tatu ni wewe. Hii kazi ipo. Wapo waliorithi gari la marehemu baba na hawataki kuliuza. Wapo wanaokodisha magari ya zamani kwa harusi. Nairobi kuna maonesho ya Concours d'Elegance tangu 1970, majaji wanainama kutazama mpaka chini ya gari. Wenye magari hayo hawabishani sana juu ya bei, ila wanabishana juu ya milimita.

Nitatumia gari moja kama mfano, Volkswagen ile tunayoiita kobe, ya miaka ya 1960. Bado zipo mitaani na katika vibanda vya uani. Na ni gari lenye heshima yake katika nchi hizi: mwaka 1962 Tommy Fjastad alishinda mashindano ya magari ya Safari akiendesha Volkswagen, enzi ambazo njia ya mashindano ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Haya, ukipokea kobe, swali lako la kwanza ni la mwaka. Magari mengi ya modeli ya 1968, yaliyoanza kutoka kiwandani Agosti 1967, yalibadilishwa bampa: zikapandishwa juu, zikawa za pembe zaidi, na madigadi nazo zikabadilika. Zile za kabla yake zina bampa nyembamba ya mviringo, na breketi inapita kwenye tundu la madigadi lenye mpira wa kuziba. Breketi za enzi hizi mbili haziingiliani. Nimeona mtu ameletewa breketi za modeli ya baadaye kwa gari la 1964, na fundi akaanza kupanua tundu la madigadi kwa grenda. Madigadi nzima ya asili iliharibiwa kwa sababu hakuna aliyeuliza mwaka.

Swali la pili ni la usalama, na hapa naomba hata wazazi wasikilize. Kobe injini iko nyuma. Mbele, chini ya boneti, kuna tairi la akiba, na nyuma yake tu kuna tangi la petroli. Boliti za breketi ya mbele ziko karibu sana na hapo. Sasa fikiria kijana ameleta mtungi wa gesi apashe boliti iliyoshikwa na kutu. Mpira wa petroli wa gari la miaka hiyo umeshapasuka vinyufa, mvuke umejaa kwenye kona, na yeye anawasha moto. Kwenye breketi ya mbele ya kobe moto hauingii gari likiwa na tangi lake, basi. Unatoa terminali za betri, unatoa tangi na kulipeleka mbali, au unatumia subira badala ya moto. Mimi natumia subira. Unasugua kutu kwa brashi ya waya, unapaka mafuta mepesi ya kulegeza au mchanganyiko wa mafuta ya taa na mafuta ya giaboksi, unaacha mpaka kesho. Kesho unagonga kichwa cha boliti kwa nyundo, kwa kiasi, ili kuvunja gamba la kutu ndani ya hesi, yaani ile mizunguko iliyochongwa kwenye boliti na nati. Kisha spana: robo mzunguko kulegeza, kidogo kukaza, tena kulegeza. Ikianza kulia, rudisha, ongeza mafuta. Anayevuta kwa nguvu moja anabaki na kichwa cha boliti mkononi, na nati imechomelewa ndani ya bodi, kwa hiyo sasa anatoboa boliti katikati kwa drili akiwa amelala chali.

Ikishatoka, safisha hesi za ile nati kwa tapu, kile chuma cha kuchongea hesi, ya saizi yake. Nasema ya saizi yake kwa makusudi. Kobe ni gari la Kijerumani, boliti zake ni za milimita. Akija mteja na Morris Minor au Land Rover ya zamani, hizo ni za inchi. Boliti ya inchi 5/16 ina unene wa milimita 7.94. Ukiitazama kwa macho ni boliti ya 8. Lakini umbali kati ya hesi na hesi si uleule: boliti ya 8 ya kawaida ni milimita 1.25, na hiyo ya inchi yenye hesi laini inakaribia 1.06. Ukilazimisha moja ndani ya nyingine inaingia mizunguko michache, inakaza, unafurahi kwamba imeshika. Haijashika. Imekula hesi. Nunua geji ya hesi. Ni kifaa kidogo kinachokaa mfukoni.

Sasa kupima. Breketi mbovu iko mezani. Mkono unawashwa kuiga. Usiige bado. Hiyo breketi imeishi miaka hamsini na zaidi, imegongwa kwenye ukuta wa gereji, imekanyagwa na jeki, pengine imeshanyooshwa na fundi mwingine kabla yako. Inakuambia upana wa chuma na mahali matundu yalipokuwa. Pembe yake usiiamini. Unene nao uchukue kwa vania, kifaa cha kupimia unene, mahali palipofichwa na washa, ambapo kutu haikufika, kwa sababu chuma kilichokula kutu kinaweza kupungua nusu pembeni na kubaki kizima chini ya kichwa cha boliti.

Pembe unazipata kwenye gari. Funga bampa mahali pake kwa vipande vya mbao na kamba, au vibana vikubwa, mpaka mwenye gari mwenyewe aseme hapo ndipo. Simama mbele mita kadhaa uangalie. Na ukipima usawa usipime kutoka sakafuni. Sakafu za karakana zetu zinateremka, matairi hayana upepo sawa, springi ya upande wa dereva imechoka. Pima kutoka kwenye bodi: ukingo wa boneti, mstari wa chini ya mlango. Bampa inatakiwa ilingane na gari, hata kama gari limelala upande.

Ukisharidhika, bampa ikiwa inaning'inia hapo, chukua boksi gumu, lile la katoni ya mafuta au sabuni, ukate kiolezo cha kila upande kinachotoka kwenye matundu ya bodi hadi kwenye matundu ya bampa. Karatasi laini haifai, inajikunja unavyotaka wewe. Boksi linakunjika mstari mmoja mmoja, na kila mkunjo linaloukubali ndio mkunjo ambao chuma kitaukubali. Likigoma kukaa mpaka ulipinde na kulizungusha kwa pamoja, hiyo ni habari: breketi yako ina msokoto, na msokoto usipouona kwenye boksi utakutana nao kwenye chuma.

Vijana, breketi ya kushoto na ya kulia ni viatu. Usitengeneze viatu viwili vya mguu mmoja. Unacheka wewe hapo mbele, lakini hii hutokea katika kila karakana, na hutokea jioni. Dawa yake ni nyepesi: kata mabapa mawili sawa, yabane pamoja, toboa matundu yote kwa mpigo mmoja, kisha kabla ya kupinda yalaze mezani yakitazamana na uandike kwa chaki K na L upande utakaotazama juu.

Tuje kwenye chuma. Ninyi mnajua masoko ya vyuma, iwe Gerezani kule Dar es Salaam au Kamukunji kule Nairobi. Chuma kipo cha kila namna na muuzaji atakuambia chochote ni kizuri. Kinachotakiwa hapa ni flati bari ya chuma laini cha kawaida. Kuna mafundi wanapenda kukata breketi kwenye bapa la springi ya lori. Wanasema ni chuma cha kweli, na ni kweli ni chuma cha kweli, ndiyo maana kimebeba tani za mahindi kutoka Songea. Ila kina kaboni nyingi. Ukikichomelea, sehemu iliyo kando ya mshono inapata joto kali kisha inapoa haraka, inakuwa ngumu na kavu, na ufa unaanzia hapo. Unaweza usiuone leo. Utauona baada ya barabara ya vumbi ya miezi michache, mshono wako mzuri ukiwa mzima na chuma kimekatika pembeni yake.

Kama hujui ulichonacho ni chuma gani, kiulize kwa grenda. Gusa ukingo, uangalie cheche mahali penye kivuli. Chuma laini kinatoa cheche ndefu, zilizonyooka, zenye matawi machache mwishoni. Chuma cha kaboni nyingi cheche zake ni fupi zaidi na zinapasuka nyota nyingi nyingi. Chukua kipande cha flati bari unachokijua na kipande cha springi, uzigusishe moja baada ya nyingine, jicho lako litajifunza siku hiyohiyo.

Nimefika kwenye unene, na hapa ndipo nilipokuwa nakuja tangu mwanzo.

Mteja anasema, "Fundi, nitengenezee kitu kigumu, hizi za kiwanda ni laini." Fundi naye anataka sifa. Breketi ya asili ilikuwa, tuseme, ya milimita 5, yeye anaweka 10. Anadhani ameongeza ugumu mara mbili. Hapana. Bapa likipindwa kwa upande wake mwembamba, ugumu wake unakwenda kwa unene ukizidishwa mara tatu kwa wenyewe. Ukizidisha unene mara mbili, ugumu unapanda mara nane, na nguvu inayotakiwa kulipinda moja kwa moja inapanda mara nne. Umetengeneza nondo ya daraja na kuifunga kwenye bati. Maana kumbuka, kwenye kobe breketi haikufungwa kwenye chasisi. Imefungwa kwenye bodi, kwenye karatasi ya chuma iliyokunjwa na kuchomelewa vizuri, lakini ni karatasi.

Aliniletea gari mzee mmoja mstaafu, kobe la rangi ya maziwa. Lilikuwa limetengenezwa breketi mahali pengine, na kwa kazi ya mkono ilikuwa kazi safi: mishono imelala, matundu hayana makovu, chuma kinene cha kuogopesha. Alikuwa akirudi nyuma na mbele kwenye maegesho, akagusa nguzo ya zege kwa mwendo wa mtu anayetembea. Breketi haikutikisika. Bampa ilibonyea kidogo. Ukifungua boneti, nyumba ya tairi la akiba ilikuwa imejikunja upande mmoja, nati zilizochomelewa zimevutwa nje na kipande cha bati, na boneti haifungi kwa sababu pua yote imehama. Breketi ya asili ingekunjika. Mzee angelipa kunyoosha breketi, au kutengeneza mpya, nusu siku. Badala yake alilipa fundi bodi, alilipa rangi, na rangi ya zamani ukipaka kipande haifanani tena.

Waliobuni gari hawakuwa wabahili wa chuma. Breketi iliwekwa hapo ijitoe. Mpangilio ni huu: bampa na breketi zinaumia kwanza, bodi baadaye, mtu mwisho. Wamarekani walilifanya jambo hili kuwa sheria. Kuanzia magari ya 1973 walidai bampa ya mbele ihimili kugongwa kwa mwendo wa maili 5 kwa saa, kama kilometa 8, bila taa na vifaa vya usalama kuharibika, na kobe zilizokwenda kwao kuanzia modeli ya 1974 zikafungwa bampa zenye vifaa vya kumeza mshtuko. Mwaka 1982 wakaishusha hadi maili 2.5. Hata kwenye sheria, swali halikuwa bampa ni ngumu kiasi gani. Swali lilikuwa ule mshtuko unakwenda wapi.

Kwa hiyo kanuni yangu: unene wa asili, upana wa asili, chuma laini. Kama mteja ana shida ya breketi kutetemeka, ongeza mkunjo mdogo wa ukingo au weka kipande cha kusaidia kwenye kona, kidogo, kisimalizikie ghafla katikati ya bapa, kwa sababu kinapomalizikia ndipo litakapovunjika. Akitaka ngao ya bomba la inchi tatu, mwambie ukweli: aende kwingine. Ngao ya namna hiyo kwenye gari dogo inamuumiza mwenye gari, na mtembea kwa miguu inamuumiza zaidi.

Kupinda sasa, na hesabu kidogo, ambayo walimu wenu wameshawafundisha lakini najua mmeisahau baada ya mtihani. Bapa la milimita 5, unalipinda pembe mraba. Usilipige mpaka kona iwe kali. Ndani ya kona acha nusu-kipenyo kisichopungua unene wa chuma, yaani 5. Tafuta kipande cha bomba au nondo ya kipenyo cha milimita 10, kiweke kwenye jiriwa pamoja na bapa, upinde kukizunguka. Tuseme unataka mguu mmoja wa milimita 60 na mwingine wa 120, kwa vipimo vya ndani. Wengi wanajumlisha vipimo vya nje, 65 na 125, wanakata 190. Chuma kinachohitajika si hicho. Ondoa nusu-kipenyo kila upande: 55 na 115, jumla 170. Kisha ongeza urefu wa kona yenyewe, ukiupima katikati ya unene au ndani yake kidogo: kati ya milimita 11 na 12. Jumla ni kama 181 na nusu. Aliyekata 190 ana zaidi ya milimita 8 za ziada, na akitoboa kabla ya kupinda, tundu lake limehama. Kisha anapanua tundu. Kisha anaweka washa kubwa kulificha.

Pia chuma kinarudi kidogo ukikiachia. Pinda kupita pembe kwa digrii chache, pima kwa kiolezo, rekebisha mara moja. Usikikunje mbele na nyuma mara nyingi mahali pamoja. Ukilazimika kutumia moto kwenye benchi, pasha mpaka kiwe chekundu, pinda, kiache kipoe chenyewe hewani. Ndoo ya maji iache mbali, hasa kama chuma ni cha skrepa na hujui asili yake.

Matundu: upande wa bodi toboa duara, kwa boliti ya 8 tundu la 9 linatosha. Upande wa bampa ndiko unakoweka nafasi ya kurekebisha, tundu refu. Toboa mawili jirani ya 9, ondoa ukuta katikati kwa tupa. Moja liwe la kulala, na kama breketi yako ni ya vipande viwili, kwenye maungio weka la kusimama, ili bampa iweze kwenda pembeni na juu. Usitoboe karibu na ukingo. Kutoka katikati ya tundu hadi ukingo acha angalau mara moja na nusu ya kipenyo, na mara mbili ni bora. Kwenye tundu refu weka washa nene. Washa ya bati itajikunja ndani ya tundu na boliti italegea.

Kuhusu kuchomelea sitasema mengi, hapa mna walimu wazuri kuliko mimi. Fimbo ya kuchomelea ya milimita 2.5, aina ya 6013, ampea kati ya 60 na 90 kwa kutegemea mashine na mkao. Chonga kingo kabla ya kuunganisha, na mshono usiupitishe juu ya mstari wa mkunjo. Usichomelee chochote nyuma ya bampa yenye kromu, joto linatokea mbele kama doa la bluu na kromu inaanza kumenyuka. Na usichomelee chuma cha mabati bila kukisugua zinki yote kwanza. Moshi ule mweupe unaleta homa na kutetemeka usiku. Mafundi wakubwa watakuambia unywe maziwa. Kunywa maziwa kama unayapenda, homa hayaitibu. Fungua dirisha, vaa kizuizi cha moshi.

Boliti nunua zenye alama ya 8.8 kichwani. Namba hizo zina maana: inavumilia mkazo wa megapaskali 800 kabla ya kukatika, na inaanza kuvutika ikifika asilimia 80 ya hapo, 640. Chuma laini cha breketi yako kinaanza kujipinda kwenye 250 hivi. Mmeona mpangilio? Breketi itakunjika boliti ikiwa nzima. Zisizo na alama yoyote, zile za kupima kwa kilo, ziacheni zikafunge vitanda. Na usikaze kwa kuning'inia kwenye spana. Boliti ya 8 ikifunga kwenye nati iliyochomelewa kwenye bati la zamani, nguvu ya kukaza ya nyutoni mita 20 hadi 25 inatosha.

Rangi. Flati bari mpya ina gamba jeusi la kiwandani. Linaonekana safi, watu wanapaka juu yake. Siku gamba likibanduka linaondoka na rangi yako. Sugua mpaka chuma kiwe cheupe, paka praima ya kuzuia kutu siku hiyohiyo kabla hewa ya bahari haijafika, kisha rangi ya juu mara mbili. Sehemu zinazolaliana zipake kabla ya kuunganisha, maana maji yakiingia katikati ya mabapa mawili hayatoki. Chini ya vichwa vya boliti rangi iwe nyembamba. Rangi nene inajibonyeza taratibu na boliti inalegea. Kwa sababu hiyo mwambie mteja arudi baada ya kilometa mia chache ukaze tena. Akirudi atakuja na mwenzake.

Siku ya kufunga, shikiza boliti zote kwa vidole kwanza, bampa yote iwe imekaa, ndipo urekebishe, ndipo ukaze. Anayekaza upande mmoja hadi mwisho atashindana na upande wa pili mpaka jua lizame. Kwenye kobe la zamani usisahau mpira wa tundu la madigadi. Bila huo, breketi inasaga rangi kila tuta, na maji ya tairi yanaingia.

Jambo la mwisho ni bei, kwa kuwa mwenzangu wa benki atawauliza. Toza muda wa kupima. Wateja wanaona kipande cha chuma cha elfu chache na wanataka kulipa kwa kilo. Mwonyeshe kiolezo cha boksi na bampa iliyoning'inizwa. Mwambie ile asubuhi nzima ulikuwa ukifanya nini. Na kiolezo usikitupe. Kihamishie kwenye bati jembamba, andika kwa alama ya kudumu gari, modeli, mwaka na upande, utundike ukutani kwa msumari. Mwenye kobe la 1965 ana rafiki mwenye kobe la 1966.

Mkuu wa chuo, naona karani wa vyeti anatazama saa. Kuna jozi moja ya breketi na kiolezo chake nimeviweka pale kwenye meza ya maonesho, karibu na majeneza ya fani ya useremala. Vishikeni, vipimeni, na mkiona kosa nijulisheni kabla mwenye gari hajaja kuzichukua saa tisa.

Asanteni sana.